Nukta Mbili za Alfajiri

Kabla hajakujulia hali, Opereta alikuuliza una nini mfukoni. Simu uliiacha barazani, ndani ya mkebe mkubwa wa biskuti, kisha akaufunika mwenyewe. Mchungaji aliacha yake. Chifu aliacha zake mbili, tena kwa kunung'unika. Mimi ni fundi wa kompyuta, mtu anayetembea na chaja, modemu na flashi kila mfuko, kwa hiyo nilipekuliwa pale mlangoni kama anayeingia jela kumwona ndugu. Akishaufunika ule mkebe alisimama kidogo, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza kama vilivyomo vimetulia. Ndipo aliposema, "Karibu ndani."

Tulimwita Opereta kwa sababu miaka yake ya kazi aliimalizia kwenye ubao wa simu mjini Nakuru, enzi ambazo ukitaka kuongea na mtu wa Eldoret ilibidi mwanamke fulani akuchomekee waya. Jina lake nalijua na sitaliandika. Hakupenda litajwe bila haja. Alikuwa akisema kwamba mtu akiitwa ni lazima aitike, kwa hiyo usimwite mtu ovyo.

Nyumba yake ilipakana na yangu, ua kwa ua, huku Lanet. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa cha redio. Asiyejua mambo haya atadhani nasema redio ya kusikilizia habari na vifo. Hapana. Kuna watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kupenda tu, bila mshahara, wakaongea na wenzao walio ng'ambo ambao hawatawaona maishani. Yeye hakuongea kwa mdomo. Alitumia alfabeti ya Morse, ile ambayo nukta ni mlio mfupi na mstari ni mlio mrefu, kwa kubonyeza kitufe cha shaba kilichofungwa mezani. Waya wake ulitoka dirishani, ukapita juu ya mabati, ukafungwa kwenye mkaratusi mrefu nyuma ya nyumba. Chini ya dirisha alikuwa amepigilia fimbo ya shaba ardhini, na kwa kuwa udongo wa kwetu ni vumbi la volkano lisiloshika maji, aliimwagilia kila jioni kwa birika ili iendelee kushikana na ardhi. Wengine humwagilia maua. Wapita njia waliomwona mwanamke mzee akinywesha chuma maji walihamia upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo watu walimwogopa, tusidanganyane. Watu wa bodaboda waliwashusha wageni wake kabla ya kufika getini. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia kwa uso mkavu kwamba ule waya ulikuwa wa kuvuta mvua isinyeshe kwa wengine. Opereta alipolisikia hilo alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kama angeweza kuvuta mvua angeanza na shamba lake mwenyewe.

Alinijia mara ya kwanza mwaka ambao binti yake alimletea kompyuta. Alisimama getini kwangu akiwa na kiredio kidogo cha mkononi kinachonguruma, akakinyoosha kuelekea kwangu kama anayemkabidhi polisi mwizi.

"Fundi, nyinyi watu wa kompyuta mmenifukuza kwangu," akasema.

Nilikwenda kuona. Kompyuta ilikuwa ya kuandikia orodha ya watu aliowapata hewani. Ilipochomekwa tu, redio yake kubwa ilijaa kelele kama mafuta yanayokaanga samaki, na ndani ya kelele hiyo hakuna mtu wa mbali aliyeweza kusikika. Niliitazama kazi ile nikaona ni ya saa moja. Ilinichukua karibu mwaka.

Nadhani nimejifunza ufundi mara mbili maishani, mara ya kwanza chuoni na mara ya pili katika chumba kile. Nilipoanza kumweleza habari za saketi alininyamazisha. Usiniambie ni nini, alisema, niambie iko wapi. Kelele haina adabu, alisema, lakini ina anwani. Basi tukaanza kutafuta anwani kwa mtindo wake. Kwanza tulizima swichi kubwa ya nyumba nzima na kuiwasha redio kwa betri ya lori. Kelele ikibaki, imetoka nje. Ikipotea, iko ndani. Kisha tuliwasha kitu kimoja kimoja, naye akitembea na kile kiredio, amekiweka mahali pasipo na stesheni, akikipitisha juu ya kila waya kama daktari anayepima kifua.

Chaja ya kompyuta ndiyo iliyokamatwa kwanza. Niliifungua, nikakuta nafasi ya koili ya kuchuja umeme iko tupu, watengenezaji wameiruka kwa kijiwaya. Nikamtafutia nyingine. Kelele ikapungua nusu. Halafu zikaja zile pete nyeusi za feraiti, ambazo wengi mmeziona kama kinundu kwenye waya wa skrini bila kujua kazi yake ni kunasa kelele isitembee kwenye waya. Nilizikusanya kwenye kompyuta zilizokufa dukani kwangu, nikazungusha waya wa umeme mara saba ndani ya pete, waya wa skrini mara tano, waya wa printa mara tano. Balbu zake za bei rahisi tukazitoa. Waya wa antena tukauondoa juu ya mabati kabisa, ukawa unaanzia mbali, kati ya mikaratusi miwili. Bandu bandu huisha gogo. Kila kelele iliposhuka alikuwa akishusha kiganja polepole, macho amefumba, na mimi nikawa najisikia fundi kweli.

Lakini kuna jambo nililiona tangu mapema nikalipuuza. Mtu anayeondolewa kero hufurahi. Opereta, kadiri chumba kilivyozidi kutulia, ndivyo alivyozidi kukaza mabega.

Masikio yake yalinitia hofu zaidi ya waya zake. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii watu vizuri, ilibidi umrudie maneno, lakini akishavaa visikizi vyake vya redio aliisikia Lanet yote. Kila nyumba ilikuwa na sauti yake. Alijua nani amenunua friji, nani amebadilisha televisheni, nani analala bila kuzima modemu. Siku moja aliniambia taa ya barabarani iliyo karibu na kanisa itakufa wiki hiyo. Ikafa Alhamisi. Nilimwambia, kwa utani, kwamba mahali pengine watu wamechomewa nyumba kwa unabii mdogo kuliko huo. Hakucheka.

Kuna habari ya mzee wa kona. Mzee huyo aliishi peke yake, na hakuwa mtu wa kutembelewa. Asubuhi moja Opereta alikuja kwenye ua akaniita, akasema nyumba ya kona haijawasha kitu tangu juzi, hata redio, hata chaja, na umeme upo. Nikamwambia labda amesafiri. Akasema mzee aliwasha birika la umeme juzi asubuhi na hakulizima mwenyewe, lilijizima, kisha kimya. Tulivunja mlango na majirani wawili. Mzee alikuwa sakafuni jikoni, upande mmoja hausogei, macho wazi. Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Alipopata maneno tena, aliuliza ni nani aliyesikia, maana yeye, alisema, hakuwa amepiga kelele.

Baada ya hapo waliomwogopa walimwogopa zaidi, ila sasa walimsalimia.

Kanisani alikuwa na kiti chake, safu ya tatu, na hakukosa Jumapili. Hakutaka kusikia habari za mizimu, ndoto wala majini. Mtu akifa, alisema, yuko kwa Mungu na ana shughuli zake huko. Lakini redio yake haikuwa na dini ya namna hiyo. Kuna mkutano wa maombi wa alfajiri ambao mimi mwenyewe nilihudhuria, ambapo spika za kanisa zilianza kutoa milio mifupi na mirefu katikati ya maombi. Mchungaji akakemea. Milio ikaendelea. Akakemea kwa jina moja moja la mapepo anayoyajua, waumini wakalala kifudifudi, mpiga kinanda akatoka mbio akaacha viatu. Mimi peke yangu nilijua ni jirani yangu anaongea na mtu wa mbali, na kwamba waya wa spika za kanisa umegeuka antena. Nilipomwambia alisikitika kwa dhati. Wiki hiyo hiyo tulikwenda tukafunga pete za feraiti kwenye nyaya za spika, na mchungaji akatangaza kwamba pepo limetoka. Opereta alisema amina pamoja na wengine.

Ndivyo alivyokuwa, vitu viwili visivyopatana vikikaa ndani yake bila kugombana. Aliyeunganisha simu za watu miaka yote hiyo hakuipenda simu. Ukimpigia alipokea, akasema "Njoo tu," akakata. Aliyeichukia kompyuta alikuwa akicheza karata humo mchana mzima. Alikuwa na ulimi mkali kwa wajinga, na mimi alinihesabu miongoni mwao mara nyingi, lakini siku mke wangu alipojifungua ndiye aliyeleta uji kila asubuhi kwa mwezi mzima na hakuwahi kuukumbusha.

Sasa nieleze kilichokuwa kikimkaza mabega.

Mumewe nilimkuta tayari ameshakufa. Alikuwa mwanajeshi mstaafu wa mawasiliano, ndiye aliyemfundisha Morse na kukijenga chumba kile. Walikuwa na shamba la mahindi upande wa Rongai, na mzee alipokuwa huko kuvuna, alibeba redio ndogo na waya wa kutundika juu ya mti. Kila alfajiri, karibu saa kumi na mbili kasorobo, waliongea, yeye Rongai na mkewe Lanet. Simu walikuwa nazo. Hawakuzitumia kwa mambo yao.

Watu wa redio wana desturi ya kuagana. Mazungumzo yakiisha, mmoja hupiga nukta mbili, ti ti, na mwenzake humrudishia mbili. Baada ya hapo hakuna anayesema tena. Kumwacha mtu na nukta zake hewani ni kama kumwachia mgeni mkono alionyoosha. Na kila mtu ana mkono wake katika Morse, kama mwandiko. Mkono wa yule mzee ulikuwa na kasoro moja: nukta ya pili ilichelewa, kana kwamba amesita apate pumzi. Walimtania kwa hilo jeshini.

Alfajiri moja walimaliza kuongea, mzee akapiga nukta zake mbili. Wakati huo maziwa yalikuwa yakifurika jikoni. Opereta akavua visikizi akakimbia kuzima gesi, akipanga kumwomba radhi kesho yake. Kabla ya saa nne walimpigia kumwambia mumewe ameanguka kwenye ghala la mahindi. Hakuamka.

Haya yote aliniambia asubuhi moja tu, na ilikuwa asubuhi ile tuliyofanikiwa.

Tulikuwa tumemaliza kila kitu. Pete ya mwisho imefungwa. Tukakubaliana tujaribu alfajiri, kwa sababu ndiyo saa ambayo mawimbi yake husafiri vizuri. Nikafika kukiwa na mwanga hafifu wa kuona njia, nikaacha vitu vyangu mkebeni. Tukazima swichi kubwa, tukawasha redio kwa betri, akanipa visikizi vya pili. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hakikuwa kitupu. Kilikuwa na kina, ukisikiliza unajikuta unainama mbele. Kwa mbali sana mtu wa nchi fulani alikuwa akijitaja, akapotea. Nikataka kumpa mkono Opereta, kumpongeza. Yeye akainua kidole.

Ikaja. Ti. Kisha ti.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Na ya pili?"

Sikutaka kuisema. "Imechelewa," nikasema.

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha shaba, haujakigusa. Nywele zangu zilisimama, na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Hapo ndipo aliponieleza habari ya maziwa. Akaniambia amekuwa akizisikia nukta zile karibu kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja, chini ya kelele, kwa namna ambayo hakuweza kuapa. Ndiyo sababu alikuja getini kwangu na kiredio. Hakuwa na shida na orodha yoyote. Alitaka kelele iondoke ili ajue kilichoko chini yake.

"Nikijibu mashine nimekuwa mwanamke mjinga mbele ya Mungu," akasema. "Na kama ni yeye, nimwache tena mara ya pili? Nitafutie, fundi. Hiyo kitu ina anwani. Nataka kujua kabla sijabonyeza."

Kisha akauliza swali ambalo lingemaliza kila kitu siku hiyo hiyo. Aliniuliza kwangu saa hiyo kuna nini kimewaka. Nikamjibu kwa kiburi cha fundi kwamba kompyuta zangu zote huzizima nikienda kulala. Kilichopo, nikasema, ni taa ya kuku wa mke wangu, inayowashwa na swichi ya saa ili waone mchana ni mrefu watage zaidi, nayo ni balbu ya zamani ya waya, haina kelele. Hilo lilikuwa kweli kabisa kuhusu balbu. Akaamini, kwa sababu ilikuwa neno langu.

Tulitafuta miezi miwili. Tulizunguka mtaa na kiredio, tukapima nguzo za umeme, tukaomba ruhusa kwenye nyumba za watu ambao walitupa ruhusa ili tuondoke. Hakuna. Karibu kila asubuhi nukta mbili zilikuja, zaidi zikiwa Jumatatu hadi Jumamosi, mara nyingine hata Jumapili, wakati ule ule, kwa mkono ule ule. Kila asubuhi hakujibu. Alikonda. Akaacha kucheza karata. Nilianza kuamka kabla ya saa hiyo bila kuamshwa, nikilala macho nikimfikiria ameketi kule ng'ambo ya ua, mkono juu ya shaba. Nitasema wazi: nilianza kuamini. Nilikuwa nikimcheka mchungaji na mapepo yake, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikipita mbali na lile dirisha.

Ijumaa moja mke wangu alikuwa na homa, nikaenda mimi kwenye banda la kuku. Nilivaa koti nililotembea nalo jana yake, na kile kiredio cha Opereta kilikuwa mfukoni, hakijazimwa. Mlikuwa bado na giza mle bandani. Swichi ya saa ikagonga, balbu ikawaka, kuku wakainua vichwa wote kwa pamoja, na kutoka mfukoni mwangu, kwenye kiuno changu, ikatoka ti. Kisha, imechelewa, ti.

 Kuku walikuwa wakinitazama.

Kwenye rafu, nyuma ya magunia ya chakula, kulikuwa na kompyuta ya mteja mmoja wa Kaptembwo aliyehama bila kuaga. Betri yake ilikuwa imekufa. Mwaka mmoja na nusu nyuma niliichomeka kwenye ile ile ekstensheni ya taa ya kuku nione kama itafufuka, nikasahau. Umeme ukija, chaja ilijaribu kuijaza betri, ikakataliwa; ikasita, ikajaribu mara ya pili, ikakataliwa, ikajifunga mpaka kesho. Nilizima nikawasha. Ti, ti. Nilifanya hivyo mara tatu ingawa mara ya kwanza ilitosha. Siku ambazo Opereta hakusikia kitu ni zile ambazo umeme ulikuwa umepotea, au kulikuwa na radi, au mke wangu alikuwa amewasha taa mapema kwa mkono wake, kama afanyavyo Jumapili nyingi kabla ya ibada. Miezi yote ile nilihesabu kompyuta nilizokuwa nazitumia. Ile niliyoisahau sikuihesabu.

Niliing'oa ile chaja. Nikakata waya wake kwa koleo, nikafungua ganda, nikavunja bodi vipande viwili, vikaenda na taka asubuhi ile ile. Sijui nilikuwa na hasira na nani. Nilijiambia nitamwambia Jumamosi. Jumamosi nikajiambia, apumzike kwanza. Jumatatu nikaanza kutokea geti la upande wa pili. Nilikuwa nimeona aibu ya kufanya mtu ateseke kwa uzembe wangu, lakini aibu hiyo ningeibeba. Kilichonishinda ni kwamba ningemwambia mumewe hakumwita. Ningemuua yule mzee upya, tena kwa chaja.

Wiki tatu zikapita. Siku ya mwisho niliyoketi naye vizuri, aliniita kupitia uani, mara moja tu, na nikaitika. Ilikuwa mchana wa jua kali. Alikuwa nje, na ngazi imeegemezwa kwenye mkaratusi. Binti yake anakuja kumchukua mwisho wa mwezi, akasema, na kabla ya hapo anataka antena ishuke. Redio alikuwa ameshaifunga kwenye boksi na blanketi. Chumba nilikiona kupitia dirishani, meza tupu, alama nne za skrubu mahali kilipokuwa kitufe.

Nikapanda nikafungua waya. Nikashuka, tukaanza kuukunja, yeye mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine. Mtu aliyekaa kwenye chumba kile miaka yote ile anakifunga, na anayejua kwa nini ni mimi. Nilidhani nimemvunja moyo kwa kimya nilichomletea. Nikashindwa kuvumilia.

Nikamwambia yote: kuku, swichi ya saa, kompyuta ya mteja, chaja. Nikamwambia nukta zile zilikuwa zangu tangu mwanzo. Nilisema mpaka nikaishiwa, macho chini. Alikuwa bado anakunja waya, duara juu ya duara, bila haraka.

"Uliikata lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Ile mke wangu alikuwa na homa. Siku moja kabla ya mvua ya mawe."

Akafikiri. "Sawa. Jumamosi sikusikia kitu," akasema. "Nilikaa mpaka saa moja. Nikasema basi, ilikuwa ni mashine ya mtu, imekufa. Sikukasirika hata."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja nimalize. Jumapili ndiyo nilimjibu."

Nilimwuliza alijibu nini. 

"Nukta mbili. Ya pili ikachelewa. Mkono wangu ukabonyeza kabla sijafikiria, nikamrudishia zake mbili." Alifunga kile alichokikunja kwa kipande cha kamba, fundo la kwanza, fundo la pili. "Hiyo chaja ilikuwa yako, fundi, sikatai. Ijumaa ilikuwa yako. Jumapili haikuwa yako."

Nikamwuliza kama amesikia chochote tangu siku hiyo. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipouliza maswali ya kijinga ya saketi, ila safari hii kwa upole.

"Ukishajibiwa," akasema, "unasema nini tena?"

Mimi ni mtu wa kuuliza swali linalofuata. Ndiyo kazi yangu: ni kitu gani kingine kilichowaka Jumapili ile, kwa nani, kwenye laini ipi. Sikuuliza. Niliokota upande wangu wa waya, tukaendelea kukunja.